Nyumba ya Ndosho: vitu vya watu wasiokuwepo

Familia hii inaishi Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, na jiko la mbao uani. Ni watu 11: baba, mama, watoto wao watano, mama mzazi wa baba ambaye watoto wanamwita koko, mdogo wa kike wa mama, na vijana wawili wa ukoo waliotoka vijijini, eneo la Masisi. Mama anauza nguo za balo, yaani mitumba, sokoni. Baba ni fundi wa umeme, na kazi kwake huja kwa kubahatisha. Mimi niliitwa kuwasaidia kupanga nyumba, nao wameniruhusu kukieleza kisa chao bila majina, na mama ndiye aliyesisitiza nisifiche kitu. Mawifi zake wamemwita mvivu kwa miaka, mbele ya wageni, tena mbele ya watoto wake. Nimeingia nyumba ile asubuhi, mchana na usiku, na nasema wazi kwamba neno hilo si haki.

Malalamiko yake ni haya: kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, yeye na mdogo wake wanapanga nyumba mpaka jua linatua. Ikifika Jumanne imerudi shaghalabaghala. Wanapanga tena, inavurugika tena. Alifika mahali akaanza kuwakwepa wageni, akipokea watu uani kwenye benchi hata mvua ikinyesha.

Nyumba yenyewe iko hivi. Mlango wa mbele unafunguka nusu tu, kwa sababu nyuma yake kuna balo la nguo na mfuko wa makala, yaani mkaa. Ukishapenya ubavu, unakutana na meza ya kulia ambayo hakuna anayekula juu yake. Siku ya kwanza nilisimama nikaitazama kwa makini: daftari za shule, chaja mbili zisizo na simu, kofia ya pikipiki, kopo la misumari, dawa za koko, sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kichwa cha cherehani kisicho na sindano, na chini ya vyote hivyo kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono, kizuri, ambacho mama alikisahau kuwa kipo. Watu wanakula wakiwa wamepakata sahani. Watoto wanaandika masomo kitandani. Njia ya kwenda vyumbani imejaa bidoni (madumu) za maji, hivyo usiku mtu akienda msalani anatembea kwa kupapasa ukuta. Na ukuta wenyewe huuoni: mbao zinapokea msumari kwa urahisi, basi kila msumari umebeba begi, koti, au mfuko uliofungwa mdomo.

Sakafu ni saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano. Haiko sawa, kwa hiyo kabati linayumba na milango yake haifungi. Pembe moja ya paa inavuja. Haya yana uzito wake, maana katika nyumba inayovuja vitu haviwekwi panapofaa, vinawekwa pakavu.

Kabla sijaitwa, walikuwa wamejaribu njia tatu. Walinunua kabati kubwa kwa pesa za likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana. Likajaa, na sakafu ikabaki ilivyo. Kisha baba alitoa amri: kisichotumika kitachomwa. Akachoma kweli boksi moja uani, na ndani yake kulikuwa na stakabadhi za karo za shule na kadi ya kanisa ya mama yake. Koko alikaa siku kadhaa bila kumsemesha mwanawe. Njia ya tatu ilikuwa kumwachia mdogo wake mama kazi yote. Binti yule anajua kupanga, lakini alipanga kwa akili yake peke yake, ikawa kila mtu anapekua nyumba nzima kutafuta alichokiacha jana.

Njia zote tatu ziliuliza swali moja: kitu hiki kiwekwe wapi? Mimi niliona swali hilo limetangulia mno. Palikuwa na swali jingine ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza kwa sauti, kwa sababu majibu yake yanagusa ukoo: kitu hiki ni cha nani, na nani ana kauli juu yake?

Tulichukua daftari la mistari, tukachora safu mbili. Ya kwanza mwenye kitu, ya pili mwenye kauli, yaani mtu anayeweza kusema kibaki, kiuzwe, kitolewe au kitupwe bila kuzua ugomvi. Tukapita nyumba nzima bila kuhamisha hata kijiko. Tuliandika vitu vikubwa tu na mafurushi, si kila kikombe. Vilifika 61. Kati ya hivyo, 22 vilikuwa vya watu wasiolala katika nyumba ile. 14 vilikuwa vya koko. 11 vilikuwa vya biashara. Vilivyobaki, 14, ndivyo peke yake, nje ya biashara, ambavyo baba na mama wangeweza kuviamua wao wenyewe bila kumuuliza mtu.

Mama aliisoma hesabu hiyo mara ya pili akiwa ameshika kalamu. Kila Jumamosi alikuwa akivihamisha vitu 36 asivyo na kauli navyo kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Hakuna mwanamke, awe na nguvu kiasi gani, anayeweza kuimaliza kazi ya namna hiyo.

Nyumba za Goma zimekuwa hivi kwa sababu zinazojulikana, na anayeshauri bila kuzijua atawaumiza watu. Siku hizi kuna ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu: usichokitumia mwaka mzima kiondoe. Ushauri huo unamfaa mtu ambaye akikihitaji kitu kesho ataenda kukinunua. Haumfai mtu ambaye amewahi kupoteza kila kitu mchana mmoja.

Koko amepitia hilo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava iliteremka ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani Kivu. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Nyumba yake ilikuwa karibu na katikati ya mji. Walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na umati, yeye akiwa na sufuria moja kichwani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi mwake kelele zilipoanza. Waliporudi, parsele yao, yaani kiwanja chao, ilikuwa jiwe jeusi lenye moto chini.

Vile vitu vyake 14 vilikuwa sufuria zisizo na vifuniko, madebe, vipande vya mabati, mlango usio na fremu, sanduku la bati, vikwembe vilivyochakaa na mengine ya aina hiyo. Wajukuu walikuwa wakivicheka. Tulipofika zamu yake hatukumwambia habari ya kupunguza. Mama alimuuliza tu, kwa adabu ya mkwe: “Mama, hizi sufuria unazitunza kwa ajili ya nini?” Akajibu: “Nilianza na sufuria moja. Nikianza tena, nani atanipa?”

Baba alikuwepo. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa maneno yake, kumsikia mama yake akilisema hilo. Na hapo ndipo alipoelewa kuwa lile boksi alilolichoma halikuwa takataka machoni pa mama yake.

Tulichokubaliana na koko kilikuwa rahisi. Sanduku la bati na nafasi yote iliyo chini ya kitanda chake ni zake kabisa. Hakuna mkono mwingine unaoingia humo, si kwa kufagia wala kwa kutafuta. Sanduku likanunuliwa kadenasi, yaani kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Kilicho nje ya mipaka hiyo kitazungumzwa naye, mwisho wa mwezi, na neno la mwisho ni lake. Baada ya wiki chache alitoa sufuria nne kwa mama mmoja jirani aliyekimbia na watoto kutoka Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Hakuna aliyemwomba. Nimeliona jambo hili mara nyingi kwa wazee: anayehisi anapokonywa hushikilia, na aliyehakikishiwa chake hulegeza mkono mwenyewe. Mlango usio na fremu bado uko pale, umesimamishwa nyuma ya choo, na mimi sina neno nao.

Mifuko ya kukimbia

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo penye kiini cha fujo ya kila siku, na karibu kila nyumba ninayoijua Goma ina jambo hili kwa kiasi fulani.

Tarehe 22 Mei 2021 jioni Nyiragongo ililipuka tena. Lava ilisimama kaskazini, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa. Tarehe 27 Mei asubuhi gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji waondoke. Watu wa kartie nyingine nao hawakungoja, na familia hii ilikuwa miongoni mwao. Walitembea kwenda Sake na mifuko kichwani, watoto wameshikana mikono. Mwezi wa Juni walirudi, mifuko ikawekwa chini, lakini haikufunguliwa yote. “Ngoja kwanza tuone,” mama alisema. Basi ile hali ya kungoja ikawa ndiyo maisha. Kisha vita vikasogea, na mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji, mifuko ile ikajazwa upya.

Matokeo yake ni kwamba katika nyumba ile nguo hazikai kabatini. Zinakaa kwenye mabegi, valizi na viroba, vyote vimechanganyika, kwa sababu vilijazwa usiku wa hofu na kila mtu akitia kilicho karibu. Asubuhi mtoto anatafuta shati la shule. Halipo begi la kwanza. Anamwaga la pili kitandani, la tatu sakafuni. Analipata, anakimbia shule. Watoto watano wakifanya hivyo, saa moja na nusu ya asubuhi nyumba tayari imeharibika, na mama yuko njiani kwenda sokoni. Kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kuzirudisha zile nguo kwenye mabegi yaleyale.

Nilipomwambia mama tufungue mabegi, alikataa. Alikataa kwa upole, lakini alikataa. Akasema: “Nikifungua huu mfuko nitakuwa nimesema tumebaki.” Sikumbishia. Woga wake una sababu, na mtu wa nje hana haki ya kumwambia hakutakuwa na siku nyingine ya kukimbia.

Tulichofanya ni kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika ndani ya mifuko ile: maandalizi ya kukimbia, na maisha ya kila siku. Kwa kukimbia, begi mbili tu. Moja ya karatasi: kadi za mpiga kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, diploma ya baba, buletini (ripoti za shule) za watoto, kadi za chanjo, na karatasi za parsele. Kila karatasi ilipigwa picha, na picha zikatumwa kwenye simu ya binti mkubwa na ya ndugu mmoja anayeishi mbali. Begi ya pili ilikuwa na nguo, seti moja kwa kila mtu, shuka mbili, tochi, sabuni, na dawa za koko. Begi zote mbili zikatundikwa kwenye msumari mmoja karibu na mlango, na ikawa sheria kwamba hakuna anayechukua kitu humo. Nguo za seti hiyo hukaguliwa kila mwanzo wa likizo, maana mtoto hukua.

Kazi hiyo ilichukua jioni nzima, na nilimwona mama akipumua. Alipoona kwamba wangeweza kutoka mlangoni kwa dakika chache wakiwa na vitu vyote vya lazima, mabegi mengine yakawa mabegi tu. Baba ndiye aliyeanza: akamwaga lake, akapanga nguo zake kabatini mwenyewe, mbele ya watoto. Lile kabati kubwa, baada ya kusawazishwa kwa vipande vya mbao chini ya miguu, likapata kazi. Kila mtoto akapewa sehemu yake, hata iwe ndogo. Valizi zilizobaki tupu ziliingizwa moja ndani ya nyingine.

Nasisitiza mpangilio wa hatua hizi: ungeanza na kabati, mama angekukubalia kwa mdomo, na ndani ya mwezi mifuko ingerudi.

Vitu vya shemeji

Kati ya vile 22 vya watu wasiokuwepo, vingi vilikuwa vya kaka mkubwa wa baba. Alihamia Kampala na familia yake mwanzoni mwa 2025, akaacha friji, magodoro matatu, televisheni, viti 12 vya plastiki na maboksi ya vyombo, akisema watarudi baada ya wiki mbili. Miezi ikapita. Mama hakuwa na kauli hata kidogo: ni vitu vya shemeji, tena shemeji mkubwa, na mke akivigusa atasemwa kuwa anamfukuza ndugu wa mume. Baba naye aliogopa kupiga simu, asije akaonekana amemchoka kaka yake. Kwa hiyo walinyamaza, wakaruka juu ya viti.

Hapa nilikuwa na msimamo mkali, na nikamwambia baba bila kuzunguka: mazungumzo haya ni yako, si ya mkeo. Ndugu ni wako. Mkeo amebeba lawama ya nyumba chafu ili wewe usibebe aibu ya simu moja. Alikaa kimya, kisha akakubali.

Tulitafakari pamoja namna ya kulisema. Alimtumia kaka yake ujumbe wa sauti. Akaanza na salamu, akamuuliza hali ya watoto wote, na ndipo akasema: “Kaka, vitu vyako viko salama. Lakini paa linavuja upande ule, na mvua za Septemba zinakuja. Nisingependa viozee mikononi mwangu, halafu nikose la kukuambia. Naomba unielekeze kimoja kimoja.” Akatuma na picha za kila kitu. Hakusema nafasi imejaa. Hakusema viondolewe. Alimrudishia mwenye vitu kauli yake.

Jibu lilikuja siku ya pili. Viti viuzwe, pesa wagawane, kwa sababu naye Kampala alikuwa anahitaji chochote, na benki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu Januari. Magodoro yatumiwe. Maboksi ya vyombo apewe dada yao anayeishi Keshero, ambaye ana chumba cha ziada. Televisheni na friji zibaki. Chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilibeba maboksi yote, na sebule ikaanza kuonekana sakafu.

Friji ilibaki, na umeme wa kuiendesha kila siku familia haina pesa zake. Tulimuuliza kaka tena, akasema itumiwe vyovyote mradi isiharibike. Sasa wanaweka humo unga, maharagwe na mchele, panya hawaingii. Mlango wake umefungwa kwa kamba yenye fundo juu, na naomba yeyote anayefanya hivi asilipuuze hilo: friji isiyo na kazi ni hatari kwa mtoto mdogo, anaweza kujifungia ndani akakosa hewa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Biashara ya mama ilipewa ukuta mmoja wa sebule, etajeri (rafu) ya mbao tatu aliyoipiga fundi jirani, na kanuni kwamba balo jipya haliingii kabla la zamani halijaisha. Alinung'unika, kwa sababu bei ya balo hupanda na mtu hupenda kununua bei ikiwa chini. Ni kweli anapoteza kidogo. Amekubali hasara hiyo, na mlango unafunguka wote.

Maji yalihitaji hesabu. Bidoni za lita 20 zilikuwa 23 njiani, na kila mtu aliamini zote zinahitajika, kwa sababu Goma maji yakikatika huwezi kujua yatarudi lini. Kiwango cha chini kinachotumika katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 11 ni lita 165, yaani bidoni 8 na kidogo. Akiba ya siku mbili ni bidoni 17. Tulipozijaza zote, 6 zilivuja. Ndizo zilizoondoka, zikawa makopo ya kupandia lenga-lenga (mchicha) uani. Zile 17 zilihamishiwa kwenye jukwaa la mbao nyuma ya jikoni, mbili za maji ya kunywa zikiwa zimefungwa kitambaa chekundu shingoni na vifuniko vimekazwa, kwa sababu kipindupindu ni jirani wetu wa miaka mingi na mtoto hachagui bidoni gani atumbukize kikombe.

Wale vijana wawili wa Masisi ndio walioibeba kazi hiyo ya maji. Nao wana habari yao. Walikuwa wakilala sebuleni, godoro likibaki katikati mpaka saa nne. Watu wa nyumba walilichukulia kuwa ni utovu wa adabu. Nilipozungumza nao, mkubwa alisema hawakujua godoro liwekwe wapi na waliogopa kugusa vitu vya wenyewe. Wageni wasiopewa mahali hawawezi kupanga chochote. Walipopewa nafasi nyuma ya mlango ya kusimamisha godoro, misumari miwili, na maji kuwa jukumu lao kamili, wakawa watu wa kwanza kuamka. Sasa ni wao wanaowakemea watoto kwa kuacha bidoni wazi.

Kuhusu watoto, kila mmoja ana msumari wake na kila mmoja, wa kiume na wa kike, anarudisha vyake kabla ya chakula cha jioni. Baba alitaka wasichana pekee wafanye hivyo. Mama alikataa, na koko, kinyume na nilivyotarajia, alimuunga mkono mkwe wake.

Sasa nyumba ikoje? Imejaa. Watu 11 katika vyumba vitatu, itajaa tu, na pembe ya paa bado inavuja kwa sababu pesa za bati hazijapatikana. Meza inavamiwa tena ikifika katikati ya wiki, ingawa jioni wanaisafisha kwa muda mfupi, wanakula juu yake, na watoto wanaandika hapo hapo chini ya taa. Wageni wanapokelewa ndani.

Kuna jambo moja ambalo halijatatuliwa, na mume na mke hawaelewani juu yake. Ni mafurushi mawili ya binamu aliyekuwa akiishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo. Kambi zilipovunjwa, Februari 2025, alirudi kijijini kwake Masisi na kuyaacha hapo: shitingi (maturubai) zilizokunjwa, sufuria, nguo za mtoto mchanga. Simu yake haipatikani, na wanaotoka upande ule hawana habari zake. Kwenye daftari, safu ya mwenye kauli iko tupu. Baba anataka mafurushi yatolewe kwa wahitaji wengine, kwani shitingi zikiloa zitaoza na kuna watu wanaolala chini ya mapaa yenye matundu. Mama anasema hapana: mwanamke aliyeacha nguo za mtoto mchanga anakusudia kurudi. Waliniuliza, nami niko upande wa mama. Wameyafunga upya, wameandika jina lake na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na kuyapandisha juu ya boriti upande usiovuja. Kijana mmoja anayekwenda kufuata makala maeneo ya kwao amepewa ujumbe wa kuulizia, na Jumapili padri atatangaza kanisani. Baba amekubali kungoja hadi mwaka mpya.